Kilomita 170 za Mama

Mama yangu alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na miaka 46, kwenye uwanja wa shule ya msingi huku kwetu Songea, jioni, wanafunzi wakiwa wameshaondoka. Mwalimu wake alikuwa mdogo wangu wa miaka kumi. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo za maji walisimama kucheka. Mama aliitikia salamu zao, akajipangusa vumbi, akapanda tena.

Hakutueleza sababu, lakini nyumbani tuliijua. Machi 2014 bibi alifariki kijijini kwake, kando ya Ziwa Nyasa. Mama alipanda basi siku hiyo hiyo. Wakati huo barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay ilikuwa ya udongo, milima na kona tupu, na masika yalikuwa yamekolea. Basi likakwama. Abiria walilala humo, wakaamkia kusukuma. Kijijini hakuna mahali pa kuhifadhi maiti, kwa hiyo bibi alizikwa kesho yake. Mama alifika siku ya tatu, akakuta waombolezaji wameanza kutawanyika.

Mama anauza usipa sokoni, wale samaki wadogo wa Nyasa. Tangu mwaka ule, gunia likifika humuuliza dereva habari za njia kabla ya kuuliza bei.

Mimi nasoma shahada ya umahiri, na tasnifu yangu inahusu barabara za vijijini. Najua kwamba kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia MCC, na kwamba lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ilitokana na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Katika ripoti, faida ya barabara hupimwa kwa idadi ya magari, muda wa safari na gharama za kusafirisha mazao. Sijaona jedwali lenye safu ya mtu aliyekosa kumzika mama yake.

Agosti 2023, lami ikiwa imeshafika ziwani, mama alitangaza kwamba tunakwenda kwa bibi kwa baiskeli: yeye, mdogo wangu na mimi. Baba alisema basi sasa linafika siku hiyo hiyo. Mama akajibu, "Najua. Lakini sitaki kubebwa."

Tulitumia siku nne. Milima tuliipanda kwa miguu, tukisukuma. Tulipata pancha mbili. Mdogo wangu alikwangua tyubu, akapaka solusheni, akabandika kiraka huku watoto wa njiani wakimpa maelekezo. Tukiwa tumepumzika kivulini nilimsimulia mama kwamba mwaka 1896 Susan B. Anthony, mpigania haki za wanawake wa Marekani, alisema baiskeli imewakomboa wanawake kuliko kitu kingine chochote. Mama alifikiri kidogo, akauliza, "Huyo mama kwao kulikuwa na milima?"

Umatengo tulipita chini ya miteremko iliyochimbwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isibebe udongo. Mama aliyatazama muda mrefu. "Hawa waliijua mvua," alisema.

Siku ya nne ziwa lilitokea chini yetu. Breki za mama zilikuwa zimechoka, hivyo mteremko wote aliushuka kwa miguu, mikono yote miwili kwenye usukani. Mimi na mdogo wangu tulishuka nyuma yake, kimya.

Mjomba alitupokea uani. "Nani kakuleta, dada?"

"Nimejileta."

Alikwenda kaburini peke yake, akakaa huko mpaka jua likazama upande wa Malawi. Aliporudi alikula vizuri, akacheka na shemeji zake. Mjomba akatukumbusha kwamba basi la Songea huondoka alfajiri.

Mama akamuuliza kama kuna jirani mwenye pampu.