MSETO WA ASILIMIA 49 ULIVYOTAKA KUVUNJA UKOO WETU

Wiki hii sina habari ya mapenzi wala ya nani kafumaniwa wapi. Nina habari ya mpira, na kina dada msikimbilie ukurasa wa mitindo, maana hii inawahusu kuliko mnavyodhani. Muulize mwanamke yeyote aliyeolewa na mtu wa Simba usiku wa tarehe 5 Novemba 2023 ulikuwaje ndani ya nyumba yake.

Kwetu baba ni Simba, mama ni Yanga, na mimi nimefuata damu ya baba. Maza ni mama ntilie, pale Magomeni. Asubuhi chapati na maharage, mchana wali, na tangu nimalize kidato cha nne namsaidia siku ambazo sina kalamu mkononi. Mbele ya banda letu kuna mabenchi mawili ya kahawa, basi sina haja ya redio. Ukitaka kujua nchi inaendaje, osha vyombo taratibu na utege sikio.

Hapo ndipo nilipolisikia neno "mseto" likitumiwa kwa kitu kisicholiwa. Mseto ninaoujua mimi ni mchele na choroko kwenye sufuria moja. Anayejua kupika huanza na choroko, ikishaiva ndipo mchele unafuata. Ukivitia pamoja kwa pupa, mchele unakuwa uji na choroko inakutazama ngumu kama changarawe.

Mseto wa pale benchi ulianza na habari za Zanzibar. Tuna mzee mmoja Mpemba mwenye duka, siasa yake ngangari tangu enzi za CUF, na hachoki kusimulia. Wazanzibari walipiga kura ya maoni Julai 2010, asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Maalim Seif Sharif Hamad akawa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Dk. Ali Mohamed Shein. Jamaa waliokuwa hawazikani wakakaa meza moja. Kisha uchaguzi wa Oktoba 2015 ukafutwa, CUF wakasusia wa marudio Machi 2016, na sufuria likapinduka. Mwaka 2020 likainjikwa tena, safari hii na ACT-Wazalendo. Mzee husimulia yote hayo, halafu anamalizia kwa kuuliza swali lile lile: "Kwenye mseto, nani kashika mwiko?"

Swali hilo ndilo lililoingia Simba mwaka 2017.

Mnakumbuka. Serikali ilisema klabu za wanachama zikitaka kuuza hisa, wanachama wabaki na asilimia zisizopungua 51. Simba wakafanya mikutano, wakabadili katiba, na mwisho wa mwaka huo Mohammed Dewji, Mo, akashinda zabuni ya kuchukua asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20. Sasa huo ni nini kama si mseto? Huku watu wenye kadi na makelele, kule mtu mmoja mwenye pochi. Kwenye karatasi wenye kadi ni wengi. Siku ya kulipa mishahara, je?

Baba alisema ndiyo. Baba mdogo, tumbo moja baba mmoja, Simba damu damu, akasema haiwezekani.

Baba ni fundi magari Gerezani. Hoja yake alikuwa anaitoa huku anafuta grisi mikononi. Alikuwepo Uwanja wa Taifa Novemba 1993, fainali ya Kombe la CAF. Simba walikuwa wametoka sare bila magoli ugenini na Stella ya Abidjan, mfadhili Azim Dewji akawa amewaahidi wachezaji magari, na mji mzima ulishajipanga kwa sherehe. Stella wakashinda 2-0. Baba anasema alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, hakumbuki alipita njia gani. Kwa maoni yake tangu siku hiyo klabu imeishi kwa huruma: leo mfadhili huyu, kesho yule, akichoka anaondoka na mpira wake. Afadhali tajiri atie saini, awe ndani, ajulikane.

Na alikuwa na mfano wa kidonda kibichi. Mwaka 2013 Simba walimuuza Emmanuel Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia, dola 300,000. Fedha hazikuja, klabu ikahangaika miaka kuzidai, na kabla mwaka haujaisha Okwi huyo huyo yuko Jangwani kavaa kijani! "Hiyo ndiyo timu ya wanachama," baba alikuwa anasema. "Tunauza ng'ombe kwa mkopo, halafu tunamkuta zizini kwa jirani."

Baba mdogo naye si mtu wa kunyamaza. "Jengo la Msimbazi alijenga tajiri gani?" atauliza. "Si wanachama?"

"Jengo halifungi goli, bwana mdogo."

"Na goli halirithiwi, kaka. Leo asilimia 49, kesho utasikia nini?"

Wakaenda hivyo miezi. Kijiweni nako watu wakagawanyika, miaka wakibishana hizo bilioni 20 ziko wapi na zinawekwa lini. Lakini mpira una dawa yake. Simba wakabeba ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18, na katikati wakaingia robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Nani tena atauliza mahesabu wakati Chama anatembeza watu? Baba mdogo alikuwa anashangilia huku kanuna. Sijawahi kuona mtu mwingine anayeweza.

Hebu niwape na habari za maza, asije akaninyima chakula cha jioni. Wakati sisi tunakula kuku, Yanga walikuwa wanakula vumbi. Yusuf Manji alikuwa ameachia ngazi mwaka 2017, na klabu ikabaki kama nyumba iliyokatiwa umeme. Mishahara shida, safari shida. Kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, akasimama mbele ya watu akawaomba wachangie timu yao, na mwenyewe akatoa. Watu wa Simba tulicheka mpaka tukashika mbavu, tukawaita watembeza bakuli. Mama alikuwa anatuma kwa simu, buku, buku mbili, faida ya chapati hiyo. Baba akimtania alijibu kwa utaratibu tu: "Wewe timu yako imenunuliwa. Mimi nainunua yangu." Msimu ule wa 2018/19, na njaa yao, Yanga walimaliza wa pili.

Kumbe walikuwa wanajenga. GSM wakaingia na fedha, mwaka 2021 wanachama wa Yanga nao wakapitisha mabadiliko yao, mwaka 2022 wakamchagua Injinia Hersi Said kuwa rais, na ubingwa ukahamia Jangwani misimu minne, mpaka 2024/25. Mayele akatutetemea mbele ya macho yetu, fainali ya Shirikisho mwaka 2023 wakafika, wakalikosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini tu. Maza siku hizo akipika pilau anaimba. Sikuthubutu kumuuliza sasa timu ni ya nani, ya buku zake au ya GSM. Ningeuliza, angenijibu na mwiko.

Turudi kwetu.

Bibi, mama yao baba, alifariki 2019. Akaacha nyumba Temeke, ya zamani, lakini ina uwanja mzuri unaotazama barabara. Baba akaja na wazo. Kuna mfanyabiashara alikuwa tayari kujenga fremu nne za maduka pale mbele kwa fedha zake, ale kodi miaka kadhaa, kisha azirudishe kwa ukoo. Nyumba inavuja, hela ya bati hakuna, wajukuu wanadaiwa ada. Baba aliona ni jambo la kupigia makofi.

Baba mdogo alimtazama muda mrefu, akasema, "Nilijua. Ulianza na Simba, sasa umefika kwa mama."

Jamani! Kikao cha ukoo kikavunjika hapo hapo, juisi haijamiminwa. Na si kwamba walipigana, bora wangepigana. Wakanyamaziana. Idi ikaja, baba mdogo hakufika. Dada yangu akachumbiwa, baba mdogo akatuma bahasha kwa mtoto. Miaka minne ndugu wawili wanashabikia timu moja, wanaumia siku moja, wanashangilia dakika moja, na hawapigiani simu. Wakati huo huo baba na mama, Simba na Yanga, wanalala kitanda kimoja na kutaniana mpaka usiku wa manane.

Nikaanza kuelewa alichokuwa anasema yule mzee wa duka, kwamba mtani hakuumizi, anayekuumiza ni mwenzio wa benchi moja. Yeye alikiona chama chake kikipasuka, watu wa Profesa Lipumba huku, watu wa Maalim kule, mpaka Machi 2019 Maalim akafungasha akahamia ACT-Wazalendo. Yanga wanaijua hiyo zamani. Katikati ya miaka ya 1970 waligombana wao kwa wao mpaka ikazaliwa Pan African, na baadaye wakaja kugawanyika Yanga Asili na Yanga Kampuni. Sisi na wao, miaka yote hiyo, tumeendelea kutaniana tu. Jukwaa la Simba utamkuta Zitto Kabwe wa upinzani, na Ismail Aden Rage aliwahi kuwa mwenyekiti wa klabu huku ni mbunge wa CCM. Hata mshiko tumeshakula sahani moja: bia ya Kilimanjaro iliwahi kudhamini timu zote mbili kwa pamoja, na mwaka 2017 SportPesa wakafanya vile vile. Watani tunagombea kombe, lakini mkoba wetu ulikuwa mmoja.

Basi ikafika hiyo Novemba 5. Yanga 5, Simba 1. Sitaki kueleza sana, nina moyo pia. Musonda alianza, Kibu Denis akasawazisha tukapumua, halafu kipindi cha pili ikawa mvua ya mawe. Maza alishinda anacheka peke yake jikoni. Baba alikaa nje gizani kwenye kigoda, redio kaizima. Saa tatu na nusu usiku mlango wa uani ukafunguliwa, na aliyeingia alikuwa baba mdogo. Kaja kwa daladala kutoka Mbagala, jezi nyekundu kaifunga kwenye mfuko wa rambo asitukanwe njiani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kaa."

Wakakaa. Hawakuongea labda nusu saa nzima. Halafu baba mdogo akasema, "Huyu kocha aondoke." Baba akasema, "Aondoke hata kesho." Robertinho aliondoka kweli, siku mbili baadaye, ingawa sidhani kama kikao chetu cha uani ndicho kilichomwondoa. Maza akawatolea chai na maandazi, akamega utani kidogo tu, maana aliona hali za wagonjwa.

Ni usiku ule ule walipozungumza nyumba ya bibi. Shangazi alipigiwa simu akaamshwa usingizini, na ndiye aliyekata maneno. Fremu zijengwe mbili, si nne. Moja mwenye fedha ale kodi miaka sita, nyingine kodi yake iingie kwa ukoo tangu mwezi wa kwanza. Karatasi yoyote isainiwe na watu watatu, mmoja akikataa hakuna kitu, na kila miezi mitatu mahesabu yasomwe mbele ya wajukuu. Baba mdogo akauliza mara mbili, "Kwa sauti?" Shangazi akamjibu, "Kwa sauti." Nikajisemea moyoni, laiti huyu mama angekuwa na kadi ya Simba.

Msuguano haujaisha, msidanganyike. Mwaka 2024 Mo aliporudi kwenye uenyekiti wa bodi alioachia 2021, wakabishana upya wiki nzima. Chama alipohamia Yanga mwaka huo huo, walikubaliana, maana kwenye msiba wote ni wafiwa. Machi 2025 dabi ilipoahirishwa baada ya Simba kusema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mechi, baba akasema tuko sawa na baba mdogo akasema tungecheza tu. Ikachezwa Juni 25, tukafungwa 2-0, na hapo tena wakawa kitu kimoja.

Fremu zilikamilika 2024. Ya mwenye fedha ni saluni. Ile ya ukoo ilikaa wazi mwezi mzima, kisha akaja kijana mmoja mstaarabu, akalipa kodi ya miezi sita mkupuo. Baba na baba mdogo wakasaini bila kuuliza biashara gani. Wiki iliyofuata tukaenda kuangalia, tukakuta amepaka ukuta kijani na njano, jezi za Yanga zimening'inizwa kuanzia mlangoni mpaka darini, na spika inapiga wimbo wa Wananchi. Baba mdogo alitaka kumfukuza siku ile ile. Shangazi akamwonyesha mkataba, kuna saini yake. Kijana analipa kabla ya tarehe, hajachelewa hata mara moja, na risiti anazikata kwa kalamu ya kijani.