Karabai za Forodhani

Mwanangu, wewe bustani ya Forodhani ya Unguja umeijua kwa taa za umeme. Mimi nimeijua kwa karabai. Baada ya sala ya Magharibi ulizisikia zikivuma kabla hujaziona, na ukishaipita Ngome Kongwe, harufu ya mafuta ya taa, moshi wa makaa na mwani wa maji kupwa zilikupokea kwa pamoja.

Babu yako alikuwa hamali, naye ndiye aliyenieleza jina lilipotoka. Forodha ilikuwa pale pale. Karafuu, mbata na magunia ya mchele vikipimwa na kutozwa ushuru, kabla shughuli za bandari hazijahamia Malindi. Garimoshi la Bububu nalo likianzia mbele ya Ngome. Katikati ya miaka ya 1930 Waingereza wakapanda majani na miti, wakaweka jukwaa la bendi, wakapaita Jubilee Gardens. Nyumbani kwetu jina hilo halikutamkwa. Babu yako akisema, aliyepatolea jasho mahali hapaiti kwa jina la sherehe za wenzake.

Nilikuwa na miaka 12 Sultani Khalifa alipofariki, Oktoba 1960, na utoto wangu wote wa jioni ulikuwa pale. Kinamama wa buibui walikaa kwenye majani na watoto wao, wazee kwenye viti vya saruji, na muuza kahawa akipita na dele lake akigonganisha vikombe. Sisi wavulana, maji ya bamvua yakijaa, tulikuwa tukichupa kutoka ukutani hadi midomo itutetemeke kwa baridi. Kisha njaa. Palikuwa na mzee wa pweza, mwembamba, jicho lake moja lina mtoto wa jicho. Aliushika mnyiri kwa vidole viwili, akaukata mshazari, vipande vyembamba vya rangi ya zambarau, akanyunyiza chumvi na pilipili, akakamua ndimu juu yake. Kipande peni, yaani senti kumi. Siku moja mama alinipa sumni nzima, nayo ikaniponyoka ukutani ikazama. Nilisimama pale nikitazama maji. Yule mzee hakuniuliza kitu, alinikatia vipande vitatu akasema, "Kula. Bahari haitakulipa, lakini mimi utanilipa kesho." Kesho yake nilimpelekea senti zake, akazipokea na kuzitia mfukoni bila kuzihesabu. Uso ule ninao hadi leo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 pakawa kimya kwa muda. Karabai zikarudi moja moja. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele, unga na sukari vilipokuwa vya kupangiwa foleni, pweza alikuwepo, kwa kuwa hakutoka ghalani, alitoka mwambani. Watu waliokuja na mifuko mitupu walikaa palepale kwenye majani, wakapunga upepo, wakazungumza hadi usiku. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kuhusu bustani ile: haikumuuliza mtu ana nini.

Ilipofungwa kwa matengenezo na shirika la Aga Khan, wapo walionung'unika kwamba tutanyang'anywa. Mimi nilikwenda ilipofunguliwa, Julai 2009, nikaukagua ukuta jiwe kwa jiwe, kwani ule wa zamani bahari ilikuwa imekwisha kuula. Kazi ilikuwa njema. Kinachoniuma ni jirani yake, Beit el Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliyoporomoka upande mmoja siku ya tarehe 25 Disemba 2020. Tangu nilipozaliwa hadi siku ile sikuwahi kukaa Forodhani bila mnara wake wa saa mgongoni kwangu.

Wiki iliyopita nilikwenda tena, alasiri, maji yamejaa. Wavulana walikuwa wakichupa kutoka ukutani, wengine kwa kupinduka hewani, nasi hatukulijua hilo. Mwenye meza ya pweza alikuwa kijana, na bei yake siitaji. Lakini kukaa kwenye kiti, kutazama majahazi yakirudi na kupunga upepo, hadi leo ni bure.