Nani Aliyeshika Ufunguo?

Kosa linalorudi kila siku ni kosa jema. Mwanafunzi anayekosea kutoa kwa kukopa katika kila hesabu hamsumbui mwalimu muda mrefu. Unamkalisha, unaona anapoteleza, unamrekebisha. Mwenye kutia shida ni yule anayekosea mara moja kwa muhula, na ukimwita ubaoni anapata. Mwalimu mvivu husema, "Alighafilika tu," akafunga daftari.

Haya yamenirudia tangu kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa hutengeneza programu za kompyuta, aliponieleza kazi yake. Programu nyingi, aliniambia, hazingoji jambo moja liishe ndipo lije jingine. Ndani yake zimo kazi nyingi ziendazo sambamba, wao huziita nyuzi, na zote huchota katika kumbukumbu moja. Ili zisigongane, kitu cha wote huwekewa kufuli: mwenye ufunguo anaingia, wengine wanangoja. Kufuli likisahauliwa, au likitumiwa vibaya, kosa hutokea pale tu nyuzi zinapokutana kwa namna fulani katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Ukiiendesha tena programu ileile, zinapishana salama, nawe huoni kitu.

Kisa kinachonipendeza kuliko vyote ni cha Mars Pathfinder, chombo cha Marekani kilichotua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baada ya kutua, kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha upya yenyewe. Habari zilizokwisha kukusanywa hazikupotea, lakini kazi zilizobaki za siku hiyo zililala hadi kesho yake.

Kilichotokea huko nakielewa kwa mfano wa chuo. Tarishi amechukua ufunguo wa stoo akatoe chaki. Kabla hajamaliza, mwalimu wa zamu anamtuma akagonge kengele, na mwalimu mwingine anampa barua ya kupeleka posta. Ufunguo umo mfukoni mwake. Mkuu wa chuo naye amesimama mlangoni pa stoo, anangoja. Hakuna aliyemvunjia heshima, na kila mmoja ametuma kwa haki yake. Lakini mwenye cheo kikubwa amezuiwa na walio chini yake, nao hata hawajui. Katika Pathfinder tarishi alikuwa kazi ndogo ya kupima hali ya hewa, mkuu alikuwa kazi ya kusambaza habari ndani ya chombo, na waliomtumatuma tarishi ni kazi za cheo cha kati. Mkuu alitakiwa kumaliza kila mzunguko ndani ya thumuni ya sekunde. Alipochelewa, programu ilijihesabu kuwa imeharibika, ikaanza upya.

Wahandisi wa maabara ya JPL, California, hawakukaa kubuni. Ndani ya programu iliyorushwa walikuwa wameacha makusudi chombo cha kuandika nyayo: kazi gani ilianza lini, ilisimama lini, ilishika kufuli gani. Huko Mirihi hakikutumiwa. Lakini maabarani walikuwa na mfano wa chombo hicho. Wakaupa shughuli zilezile, wakawasha uandikaji, wakangoja. Katika muda usiofika saa 18 kosa likatokea mbele yao, na daftari likaonyesha nani alikuwa na ufunguo.

Dawa yake ni ya kiungwana. Mwenye ufunguo anaongojewa na mkuu hupewa cheo cha mkuu mpaka aurudishe, ili asitumwe na mwingine. Uwezo huo ulikuwamo tayari katika programu, ila kwa kufuli lile ulikuwa umezimwa. Wakatuma amri ya kuuwasha.

Linalonigusa zaidi ni kwamba kosa hili lilikwisha kuonekana duniani kabla ya kutua. Walilifuata, likakataa kujirudia, nao macho yao yalikuwa kwenye programu ya kutua, jambo ambalo likiharibika hakuna la pili. Siwalaumu. Isitoshe, huko Mirihi mambo yalikwenda vizuri kuliko walivyotarajia: habari zilitumwa kwa kasi zaidi, kazi za sayansi zikaongezeka, na wingi huo ndio uliolichochea kosa. Walikuwa wamejipima kwa shida, hawakujipima kwa neema. Nani hujipima kwa neema?

Mwaka huohuo wa 1997 Stefan Savage na wenzake walieleza zana waliyoiita Eraser, ya kutafuta kosa la namna nyingine: kitu cha wote kuguswa bila kufuli. Yenyewe haingoji nyuzi zigongane. Kila kitu kinapoguswa, huandika aliyekigusa alikuwa na funguo zipi. Ikiona hakuna ufunguo hata mmoja ambao wote walikuwa nao, inapiga kelele, japo siku hiyo hakuna kilichoharibika. Mara nyingine hupiga kelele bure, na programu iliyo chini ya ulinzi wake ilikwenda taratibu mara 10 hadi 30. Mkaguzi wa namna hiyo ningemvumilia.

Pathfinder kilikuwa kimekusudiwa kufanya kazi siku 30. Baada ya marekebisho yale kiliendelea kuleta picha na vipimo, na mara ya mwisho kilipotuma habari zake ilikuwa tarehe 27 Septemba.