Taa Iliyokataa Kuzimika

Ndugu msomaji, usije ukadhani nakutungia hadithi. Haya yalinipata mimi mwenyewe likizo iliyopita, na chanzo chake kilikuwa mikono yangu hii.

Mjomba wangu ni mtu wa boda boda hapa Lodwar. Pikipiki yake ndiyo hunilipia karo, kwa hivyo huitunza kama ngamia wa maziwa. Jumamosi moja asubuhi alinung'unika kwamba taa ya breki inachelewa, haiwaki mpaka akanyage sana. Basi nikajitia ufundi. Karibu na kanyagio la breki ya nyuma pana swichi ndogo iliyofungiwa springi. Ukikanyaga, springi huivuta swichi, umeme ukapita, taa ikawaka. Swichi yenyewe imeshikwa na nati ya plastiki. Ukiizungusha, swichi hupanda ama hushuka. Mimi niliipandisha, nikafungua ufunguo, nikakanyaga kwa mkono, nikaona wekundu. "Tayari, mjomba!" Kuachilia kanyagio nione kama inazimika, wapi! Sikukumbuka.

Tulipakia samaki wakavu wa Kalokol tukashika lami kuelekea Kakuma, kilomita kama 120 hivi. Njiani hakuna aliyeona kitu, maana jua la kwetu hata taa ya lori hulimeza. Kakuma, tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe mwaka 1992, ni soko kubwa. Tulizunguka polepole tukisimama kila kibanda, injini ikinguruma, ufunguo haukufungwa.

Saa kumi tukitaka kurudi, honi ilitoa sauti ya mbuzi mgonjwa. Stata nayo, tik, tik, ikanyamaza. Fundi mmoja akaiangalia akasema betri imekufa. Mjomba akatoa shilingi 2,000, zile zile alizoniwekea za karo, akanunua nyingine.

Giza lilitukuta katikati ya njia. Ghafla ngamia wakakatiza barabara! Mjomba akashika breki. Nyuma yetu magurudumu ya lori yalilia, likapinda likasimama ubavuni mwetu, karibu ninge­ligusa kwa kiwiko. Kijasho chembamba kilinitoka. Dereva alitoa kichwa dirishani akafoka, "Wee! Taa yako imewaka tangu nianze kukufuata. Nitajuaje umeshika breki?"

Tulishuka na tochi. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, ya wati 5 ya usiku na ya wati 21 ya breki. Ile kubwa ilikuwa inawaka bila kukanyagwa. Swichi nazo ni mbili, moja ya mkono na moja ya mguu, na yoyote ikikwama taa huwaka. Mjomba akachomoa waya za swichi ya mkono, taa ikabaki. Akachomoa za mguu. Ikazimika pale pale.

"Ni yule fundi," akasema. "Alipokuwa akitia betri amegusa hii. Jumatatu narudi anilipe."

Mimi nilishika tochi kimya. Nikanyamaza hadi Lodwar, nikanyamaza Jumapili kutwa. Jumatatu alfajiri nikamwona anavaa koti lake, uso umekunjwa, na ulimi ukafunguka wenyewe.

"Mjomba, ile nati niliizungusha mimi. Yule fundi hana kosa."

Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Alikaa mpaka chai ikapoa, kisha akanitupia spana. "Elfu mbili na lori," alisema. Sikujua nijibu nini. Niliinama nikashusha nati kidogo kidogo, nikikanyaga na kuachilia, kukanyaga na kuachilia.

Deni lile nalilipa kwa kuosha pikipiki za wenzake kila Jumamosi. Zimebaki shilingi 600. Na kila asubuhi kabla ya shule mjomba hunisimamisha nyuma ya pikipiki. Yeye hukanyaga, mimi huziba jua kwa viganja viwili juu ya taa. "Imewaka?" "Imewaka." Huachilia. "Je, sasa?" Hangoji nijibu haraka, hungoja niangalie.