Kompyuta ya gemu ya mtoto: Kariakoo ipo, ila usianze na taa

Kinachokosekana Kariakoo leo kiko njiani ndani ya kontena. Ndivyo lilivyo eneo hili la Ilala, ambalo jina lake lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Zaidi ya miaka mia moja baadaye watu bado wanabeba. Kuna guta lenye majora ya vitambaa, mkokoteni wa vyombo, kijana mwenye friji mgongoni anayepiga mluzi umpishe.

Siku hizi katika mizigo hiyo kuna maboksi yanayowahusu wazazi moja kwa moja: kompyuta za kuchezea gemu. Wazazi wengi hushuka Kariakoo na sentensi moja tu, "Mtoto anataka kompyuta ya gemu." Sentensi ya pili huwa hawana, na muuzaji ndiye anayewamalizia.

Jumamosi moja niliambatana na mama mmoja mkazi wa Buguruni pamoja na kijana wake wa kidato cha pili. Tulipanda daladala ya Barabara ya Uhuru, tukapita Ilala Boma na Karume. Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa mgawo wake wa kikoba, na alikuwa na sababu ya kuitumia hivyo. Kwa miezi kadhaa kijana alikuwa akitoka shule anapitia kibanda cha gemu, analipia dakika kwa nauli yake, kisha anarudi nyumbani kwa miguu giza limeshaingia.

"Mdogo wangu, mimi simkatazi gemu," aliniambia. "Nataka achezee pale ninapomwona."

Winga na cha juu

Ukishuka Msimbazi hujapiga hatua kumi utasikia, "Karibu mama, unatafuta nini? Ipo!" Huyo ni winga. Hana duka, lakini anajua kila duka, hata lile la ghorofa ya tatu lisilo na kibao. Atakupeleka, na juu ya bei ya mwenye duka ataweka chake, ambacho Kariakoo hukiita cha juu.

Winga si mwizi. Mfanyabiashara aliyetoka Songea au Lubumbashi akiwa na siku mbili tu humhitaji. Mzazi asiyejua bei ndiye anayeumia, kwa sababu cha juu hakina kipimo. Kinga yake ni ndogo: uliza bei ya kitu kilekile katika maduka matatu, ukiwa peke yako, kabla ya kununua chochote.

Mama yule alimpa kijana wake daftari. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuandika jina la kila kifaa na bei yake. Kijana aliyekuja kuomba akageuka karani, na nadhani huo ndio ulikuwa uamuzi bora wa siku nzima.

Soma namba

Duka la kwanza lilikuwa na mashine inayovutia kwelikweli. Ubavu wake ulikuwa wa kioo, na feni tatu zilibadilisha rangi, nyekundu, bluu, kijani. Kikaratasi kilisema ni i7 ya gemu. Kijana alisimama pale kama amegandishwa.

Tukauliza: i7 ipi? Muuzaji akasema i7 ni i7. Baada ya kusukumana kidogo ikajulikana kuwa ni i7-3770, prosesa iliyotoka mwaka 2012. Kasha lilikuwa jipya, taa zilikuwa mpya, na ubongo wa mashine ulikuwa umezaliwa kabla kijana hajaanza chekechea. Prosesa ya daraja la chini ya mwaka 2020, i3-10100, inaipita.

Kwa hiyo, mzazi, jifunze kusoma namba. Katika prosesa za Intel za aina hii, tarakimu zinazofuata kistari hutaja kizazi: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8, i5-10400 ni cha 10. Kizazi cha 8 ndicho mstari wa kuangalia, kwa sababu Windows 11 rasmi inaanzia hapo, huku Microsoft ikiwa imeacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tangu Oktoba 14, 2025. Zipo pia gemu, Valorant ikiwemo, ambazo kwenye Windows 11 hukagua ulinzi wa mashine kabla ya kufunguka.

Angalia na herufi ya mwisho. Prosesa ya Intel yenye F, kama i5-10400F, haina uwezo wa picha ndani yake. Bila kadi ya grafiki, kioo kitabaki cheusi. Upande wa AMD, herufi G kwenye prosesa kama Ryzen 5 5600G ni habari njema kwa mwenye bajeti ndogo. Ina uwezo wa picha wa kutosha kwa eFootball, Minecraft, Roblox na Valorant kwa ubora wa kati, hivyo mtoto anaweza kuanza bila kadi na kuiongeza mwakani.

Kasha jembamba, kasha pana

Kwa fedha ya kawaida ya familia, njia inayolipa zaidi Kariakoo na katika maduka ya katikati ya mji, kuelekea Samora, ni kompyuta za mtumba zilizotumika maofisini nje ya nchi. Utakutana na Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Hazina taa wala kioo, lakini zilitengenezwa zifanye kazi kutwa nzima.

Mtego wake uko kwenye umbo. Mashine hizi huja kwenye kasha jembamba na kasha pana la kusimama. Jembamba ni rahisi kubeba na mara nyingi bei yake ni nafuu, ila haliingii kadi ya grafiki ya kawaida. Litataka kadi fupi, ambayo ni adimu na ghali. Pawa saplai yake pia ni ndogo, na mara nyingi ina umbo na viunganishi vya kampuni husika, huwezi kuibadilisha kwa ya kawaida. Kama lengo ni gemu, chukua kasha pana.

Ndani yake dai mambo mawili. La kwanza ni RAM ya GB 16, kwa vipande viwili vya 8. Vipande viwili hufanya kazi kwa pamoja, na prosesa inayotegemea uwezo wake wenyewe wa picha hunufaika sana. La pili ni SSD badala ya diski ya kuzunguka. Ya GB 500 hivi inatosha kuanzia, ingawa gemu moja kubwa ya sasa inaweza kuzidi GB 100.

Kadi yenye jina la kuazima

Kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha za gemu, na ndiyo inayoghushiwa sana. Kwa mashine ya ofisi, zinazofaa ni zile zinazotosheka na umeme wa madabodi, ambao kwa tundu la kadi ni wati 75. Zipo GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi zisizohitaji waya wa ziada. Angalia tu isiwe na tundu la waya huo, kwani baadhi ya matoleo yanalo.

Ughushi hufanyika hivi: kadi ya zamani ya takriban mwaka 2010 huandikwa upya programu yake ya ndani ili kompyuta iitambue kama GTX 1050 Ti. Ukiangalia jina kwenye kioo, limeandikwa vizuri. Gemu ikianza, mashine inakwama.

Kuna dalili ambayo hata asiye fundi anaiona. Kadi halisi za familia ya GTX 10 hazikutengenezwa na uwezo wa VGA, lile tundu la bluu la vioo vya zamani. Ukiona kadi inaitwa 1050 Ti na ina VGA, tilia shaka. Kisha mwambie fundi afungue programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo hutambua kadi nyingi za kughushi na kuziandika hivyo waziwazi.

Kifaa kisichosifiwa

Hakuna mtoto anayeringishia wenzake pawa saplai. Ndiyo sababu wauzaji wa mashine za bei chee huanzia hapo kubana matumizi, na ndicho kifaa ambacho mimi, kama mwandishi wa afya, ningekuomba usikionee uchungu.

Kibandiko kinaweza kusema wati 500. Tafuta kwenye jedwali lake dogo mstari wa volti 12, uchukue ampea uzidishe kwa 12. Ikiwa imeandikwa ampea 18, ni wati 216 tu kwa vifaa vinavyokula umeme zaidi, yaani prosesa na kadi. Mashine ikidai zaidi ya hapo itajizima katikati ya mchezo, au pawa saplai duni itapata joto mpaka iungue.

Kariakoo haihitaji kufundishwa habari za moto. Soko kuu, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021. Nyumbani kwako, tumia plagi ya pini tatu kwenye soketi yenye waya wa ardhi, na usikubali adapta inayoiruka ile pini ya tatu. Usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni. Mtoto akipenda kupuliza vumbi ndani ya kasha, achomoe waya kwanza, na pawa saplai yenyewe asiifungue kamwe: hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Kabla hujatoa pesa

Duka la kwanza lilikataa kutufungulia kasha. "Haifunguliwi mama, ina sili." Tukaaga. Duka la nne fundi alilifungua mwenyewe, akaonyesha kila kipande, kijana akalinganisha na daftari. Kisha tukamwomba aache gemu ya mpira icheze dakika ishirini. Feni zikapiga kelele, mashine ikaendelea. Kasoro nyingi za mtumba hujificha mashine ikiwa baridi, kwa hiyo hizo dakika ishirini zina thamani kuliko maneno yote ya dukani.

"Punguza mwanangu, hii ni hela ya kikoba," mama akasema. Fundi akacheka, akapunguza kidogo, na akakubali kubadilisha bure pesti ya joto iliyokauka juu ya prosesa. Walikubaliana kasha pana lenye i5 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 16, SSD, na GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada. Chenji ikanunua stabilaiza. Kijana alinuna kidogo kwa kukosa taa, hadi alipoiona gemu ikikimbia bila kukwama.

Dai risiti ya EFD, na kwenye karatasi ya dhamana yaandikwe modeli ya kila kifaa, namba yake na siku za dhamana. Muuzaji anayeahidi kwa mdomo na kukataa kuandika ameshakupa jibu.

Ikifika nyumbani

Kompyuta ikae sebuleni, mbali kidogo na ukuta ipumue, hasa kwa joto na vumbi la jiji letu. Sebuleni utasikia pia nani anaongea na mtoto wako, maana gemu nyingi za mtandaoni zina sauti za watu usiowajua. Angalia umri uliowekwa kwa kila gemu. GTA V, kwa mfano, ni ya miaka 18 kwenda juu.

Usingizi ndio bajeti ya pili. Wataalamu wa usingizi wa Marekani hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Mwanafunzi wa Dar anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala anatakiwa awe amelala saa tatu usiku. Mashine izimwe saa mbili. Akiwa anacheza, kila dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20, macho yapumzike.

Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Kupenda gemu peke yake hakuhesabiwi. Dalili ni kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata madhara yakionekana shuleni au nyumbani, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Ukiona mwelekeo huo usisubiri mwaka uishe. Zungumza na mhudumu wa afya.

Mama wa Buguruni ameiweka mashine karibu na mlango wa sebule, mahali anapoiona akiwa jikoni. Ananiambia kijana sasa anafika nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni, ila hafiki peke yake. Vijana watatu wa mtaani wanamfuata kuja kucheza mpira, na ikikaribia saa mbili anawafukuza waende kwao wakaoge.