Gari Kuukuu, Dereva Kijana: Habari za Bima Kutoka Markham

Niko Markham, huku kaskazini mwa Toronto, ukivuka tu barabara ya Steeles. Toleo hili naomba tuzungumze habari za bima, hasa bima ya gari la zamani kwa dereva kijana. Najua wapo watakaosema mwanafunzi na gari la zamani wapi na wapi, si apande basi la Viva tu? Sawa, hata mimi napanda. Lakini kila mwaka wanafika wenzetu wapya, wanaona gari kuukuu linauzwa bei ya kutupa, wanashangilia kama wameokota dhahabu. Jamani, kununua ni kitu kidogo. Kazi iko kwenye bima.

Kwanza tuelewane kuhusu huu uzee wa magari, maana huku unahesabiwa kinyume na kwetu. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda nao mwaka 2018 walipitisha sheria ya kukataa magari yaliyozidi miaka 15. Kwetu Tanzania unaweza kuliingiza, ila utalipia ushuru wa uchakavu mpaka ujute. Sasa njoo Kanada: gari la kutoka Japani likishafikisha miaka 15 ndiyo kwanza linaruhusiwa kuingia bila masharti ya usalama wanayobanwa nayo magari mapya. Ndiyo maana hapa Markham utakutana na vijana wanaendesha Toyota na Nissan zenye usukani kulia, zile zile tulizozizoea nyumbani. Na likifikisha miaka 30 bila kubadilishwa sana, mkoa wa Ontario unaweza kulipa namba maalumu za gari la kihistoria. Ila namba hizo ni za maonyesho, maandamano na safari za vilabu vya magari. Huendi nazo darasani.

Sasa mimi gari lililonikamata halikutoka Japani. Mtaa wa pili kutoka kwetu, upande wa Unionville, kuna mzee mstaafu mwenye Peugeot 504 ya mwaka 1978. Nilipoiona nilisimama kabisa. Baba yangu aliendesha 504 ya abiria kati ya Arusha na Namanga miaka ya themanini, na ada za shule za kaka zangu wakubwa zilitoka kwenye usukani ule. Wazee wetu waliiamini Peugeot kwa sababu waliiona kwenye Safari Rally: 404 ilishinda mara nne miaka ya sitini, mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland wa Dar es Salaam, 1966 na 1967. Halafu 504 ikashinda 1975 na 1978. Mzee wa Unionville aliposikia hadithi ya baba akanitajia bei ya kirafiki kweli. Akaniambia, kijana, kata bima kisha njoo uchukue.

Nikaenda kwa wakala wa bima. Wakati huo nilikuwa na miaka 22 na leseni kamili ya Ontario. Kwa wageni wapya niseme hivi: ukifika unaweza kutumia leseni ya nyumbani siku 60 tu. Baada ya hapo kuna ngazi, G1, G2 mpaka G. Lakini ukiwa na uzoefu wa miezi 24 au zaidi, na barua rasmi ya kuthibitisha kutoka mamlaka iliyotoa leseni yako au ubalozini, unaweza kuruka ngazi ukafanye mtihani wa G moja kwa moja. Mimi barua nilikuwa nayo, nikafanya, nikapita. Nikajiona dereva.

Kumbe serikali kukukubali ni jambo moja, na kampuni ya bima kukukubali ni jambo jingine. Kampuni nyingi zinahesabu miaka yako kuanzia siku ulipopata leseni ya huku. Miaka yangu mitatu ya kupishana na daladala Arusha ikafutwa. Kwenye kompyuta yao mimi nilikuwa dereva wa miezi miwili, mwanaume, chini ya miaka 25, mkazi wa eneo la Toronto ambako bima ni ghali. Bei niliyopewa kwa mwezi ilizidi kodi ya chumba nilichokuwa nimepanga kabla ya kuhamia kwa shangazi.

Nikauliza, je, bima ya magari ya kale? Hiyo huwa rahisi zaidi, na ina uzuri wake. Bima ya kawaida gari likipotea wanakulipa thamani ya soko, na gari la 1978 sokoni unaweza kuambiwa ni chuma chakavu. Bima ya magari ya kale inalipa thamani mliyokubaliana tangu mwanzo na kuiandika. Kwetu gari likizeeka hivyo, mara nyingi unaishia bima ndogo tu. Lakini masharti yake sasa! Gari lilale kwenye gereji yenye kufuli. Lisitumike kwenda kazini wala chuoni. Uwe na leseni ya miaka kadhaa, na kampuni nyingi zinataka ufikishe 25. Na nyumbani pawe na gari jingine la kila siku lenye bima yake. Maana yake, ili upate bima rahisi ya gari la zamani, anza kwanza na bima ghali ya gari la kawaida. Kwa anayeanza maisha, hapo pagumu.

Hapo ndipo yanapokuja mashauri ya kijiweni. Kaka mmoja aliniambia, "Dogo, acha ushamba. Andikisha jina la shangazi yako kama dereva mkuu, wewe endesha. Watu wote wanafanya." Nikamfikishia shangazi maneno hayo kama yalivyo. Aliweka kikombe chini. "Mwanangu, siku ukimgonga mtoto wa watu, wakiuliza nani alikuwa anaendesha, niseme nini? Nyumba hii nimeilipia miaka kumi na minane."

Na shangazi alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ukidanganya kwenye fomu ya bima, kampuni inaweza kukataa kulipa madai yako. Na kuendesha bila bima kabisa, faini ya kosa la kwanza Ontario inaanzia dola 5,000 mpaka 25,000, na leseni yaweza kusimamishwa hadi mwaka mmoja. Sheria inataka bima ya angalau dola 200,000 ya kumfidia mtu utakayemuumiza au kumharibia mali. Huyo mtu wa barabarani hajui habari za baba yangu wala Namanga. Anataka mguu wake utibiwe.

Basi tukafanya kwa njia ndefu. Shangazi akaniandikisha kwenye bima ya Corolla yake kama dereva wa pili, jina langu, umri wangu, yote wazi. Bima ikapanda, nikawa nalipa tofauti kwa kufanya kazi ya usiku ghalani mwisho wa wiki. Nikaenda tena Unionville kumweleza mzee ukweli, nikitegemea aseme hapana. Akasema 504 imekaa gerejini miaka mingi, haina haraka. Ilimchukua miaka miwili na nusu kunisubiri. Mwezi wa nne uliopita wakala akapata kampuni inayoangalia maombi moja moja. Ikaona rekodi safi, gereji ya shangazi, Corolla ya kila siku, ikanikubali kabla sijatimiza 25. Nikampigia baba. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Kwenye baridi hiyo inawaka asubuhi?" Nikamwambia baba, baridi ikianza inalala mpaka chumvi iishe barabarani. Akacheka sana. Akasema yake haikuwahi kulala.

Kwa mnaofikiria gari, hata kama si la zamani, fanyeni haya. Kabla hujapanda ndege, chukua barua ya uthibitisho wa leseni, na kama ulikuwa na bima nyumbani, barua ya kwamba hukuwahi kudai. Kampuni chache huizingatia, lakini bila barua hakuna hata moja. Uliza bei ya bima kabla ya kutoa hela ya gari, na uliza mawakala zaidi ya mmoja. Kama unaishi na ndugu mwenye gari, omba jina lako liingie kwenye bima yake kihalali, hata kama unaendesha Jumapili tu, ili miaka ianze kuhesabika. Na wale washauri wa kijiweni, waulizeni swali la shangazi.

Mwenye barua za ubalozini zilizokwama anitafute kwenye mkutano wa jumuiya, nina uzoefu nazo. Wasalaam.