Uwanja wa Ngoma Uwe Kwenye Ramani



Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni pamba, mahindi, mihogo na choroko. Utauliza, bwana shamba na ngoma wapi na wapi? Soma kidogo, utaona.

Mwaka 2013 nilihamishiwa katika kijiji kimoja cha Usukumani. Nilitaka kufungua shamba darasa la pamba. Nikatafuta mahali karibu na njia, ili kila apitaye aone. Nikakiona kiwanja chini ya mkwaju mkubwa. Hakikuwa na nyumba wala zao. Nikauliza, nikaambiwa hakina mwenyewe. Nikachukua kamba, nikapima nusu ekari, tukalima kwa plau ya ng'ombe.

Pamba ile ilikuwa aibu. Nyingine haikuota. Iliyoota ilidumaa. Mvua iliponyesha, maji yalipita juu bila kuingia chini. Nikachimba, nikakuta udongo umeshindiliwa kama sakafu. Mtu mwenye cheti cha kilimo angejiuliza mapema: ni nani aliyeushindilia udongo huu? Mimi sikujiuliza. Aliyeniambia ni bibi mmoja mzee. Alisimama pembeni na mkongojo wake, akasema, "Bwana shamba, hapo ulipolima ndipo tunapochezea ngoma. Mama yangu alicheza hapo."

Nilidhani jambo ni jepesi. Nitaacha kulima, nao watarudi kucheza. Lakini jirani mmoja alikuwa ameona mfano wangu. Naye alisogeza mpaka wa shamba lake mpaka kwenye shina la mkwaju. Alipoambiwa atoke, alijibu, "Mbona bwana shamba alilima?" Sikuwa na jibu.

Sasa nikueleze hasara yake. Huenda umewahi kuona ngoma ya bugobogobo. Wachezaji hujipanga mstari, kila mmoja ana jembe mkononi. Wanalirusha, wanalizungusha, ngoma kubwa zinapigwa nyuma. Ngoma hiyo ilitoka shambani. Vijana walilima pamoja kwa mapigo ya ngoma, na jembe la mmoja halikuachwa nyuma na jembe la mwenzake. Kikundi cha kijiji kile kilikuwa hivyo. Kiangazi walicheza. Mvua zilipoanza, walilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Walipokosa uwanja, walijaribu kucheza kando ya gulio. Wenye vibanda wakalalamika juu ya vumbi. Wakaacha. Mvua zilipokuja, kila mtu alilima kwake. Mimi nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba kuhimiza pamba ipandwe kati ya Novemba 15 na Desemba 15. Wajane wawili, ambao kila mwaka walilimiwa na kikundi kile, walipanda mwezi Januari. Mmoja wao hakupata hata gunia moja. Hiyo ni kazi ya kamba yangu.

Ukienda Bujora, karibu na Kisesa, njia ya kutoka Mwanza kwenda Musoma, utaona jambo tofauti. Pale kuna makumbusho ya Wasukuma, ambayo Padri David Clement, mtu wa Kanada, alianza kuyajenga pamoja na wenyeji katika miaka ya 1950. Kuna nyumba ya watemi iliyojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kuna ngoma za zamani. Na upo uwanja. Kila mwaka, mwezi wa Juni, hufanyika sherehe ya Bulabo. Bagika huchezea upande mmoja na Bagalu upande mwingine, kwa wakati uleule. Anayewavuta watazamaji wengi zaidi ndiye mshindi. Watazamaji hukimbia huku na huku, na mimi nimekimbia nao. Mashindano hayo yanadumu kwa sababu mahali pake panajulikana, wala hakuna bwana shamba anayeweza kufika na kamba yake.

Serikali imekuwa na wizara ya utamaduni tangu mwaka 1962. Lakini wizara haiwezi kuujua mkwaju wa kijiji chako. Anayeujua ni wewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya wote na kuiandika katika daftari. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa kijiji huamua. Mpango ukipita kijijini, hupelekwa kwenye kata, kisha wilayani. Wilaya hushauriwa na mkoa. Huko wako maafisa mipango na maafisa utamaduni. Hawa husoma karatasi. Kama katika karatasi yenu kuna zahanati, kisima na josho tu, wataona zahanati, kisima na josho tu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, kwa hiyo maombi ya kupeleka mwezi Mei yamechelewa.

Mwaka 2016 kijiji chetu kilipanga matumizi ya ardhi. Ramani ilichorwa chini kwa majivu na vijiti. Tukaweka malisho, tukaweka makaburi, tukaweka shule. Yule bibi akauliza, "Na ngoma tutachezea wapi?" Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Nikaomba ruhusa kusema. Nikaeleza kosa langu mbele ya mkutano, kisha nikaomba kuupima uwanja ule upya. Tukapima hatua 70 kwa 50. Jirani yule alinung'unika, lakini alisogea. Mipakani tulipanda mkonge. Likaandikwa daftarini.

Si kila kitu kimepatikana. Tuliomba kibanda cha kuwekea ngoma zisilowe. Tumeomba mara tatu, na mwaka huu tumeomba tena. Ngoma mbili zimeliwa na mchwa.

Shamba darasa sasa liko ng'ambo ya njia, kwenye udongo laini. Siku ya ngoma watu hujaa, na wanapopumzika manju huniita niseme habari za kupalilia na za dawa ya wadudu. Hunipa dakika kumi. Mwaka jana nilipitisha muda, wakanipigia ngoma nikakaa chini.